Tela wa Tusiachane

Tuliweke hili wazi mapema: mwanamke huyu hakupenda kukimbia. Watu wakisikia fulani kamaliza kilomita ishirini na moja hudhani alizaliwa na mabawa kwenye visigino. Huyu alizaliwa na nyayo bapa, akaolewa na mkimbiaji, na kwa miaka kumi na mitano mbio kwake zilikuwa soksi za kufua. Na kufua alikuwa anafua kweli, nyumbani na kazini, kwa sababu kazi yake ilikuwa udobi wa hospitali.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, mabomba yanapita juu ya vichwa, ukuta unatoka jasho kuliko wafanyakazi. Mashuka yalishushwa kwa matoroli. Yenye damu yaliwekwa kushoto, mengine kulia, na kila shuka lilikung'utwa kwanza maana wagonjwa husahau vitu: meno ya bandia, miwani, simu inayoita. Baada ya mashine yalikwenda kwenye roli la moto la kupigia pasi, yakitoka yanakunjwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, wanakutana katikati na kuachana tena. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa na mwenzake yule yule, mama mmoja mnene mwenye kikohozi na habari zote za jengo.

Mumewe alikuwa fundi breki kwenye gereji ya mabasi, na jina lake likawa hilo hilo, Breki. Yeye na wenzake watatu walikuwa na kikundi chao cha kukimbia, Tusiachane, kilichoandikwa mgongoni mwa fulana kwa rangi iliyoanza kubanduka. Kulikuwa na Bucha, mwenye duka la nyama, mtu wa tumbo na mdomo. Kulikuwa na Mwalimu, wa hesabu shule ya msingi, mwembamba, miwani kaifunga kwa mpira nyuma ya kichwa. Na kulikuwa na Nesi, mwanamke wa chumba cha chanjo, mwepesi kuliko wote, asiyebembeleza mtoto wala mtu mzima.

Jumanne moja Breki alikuwa chini ya basi, spana mkononi, wenzake wakaona miguu yake imeacha kucheza. Wakamvuta, akatoka uso umepinda upande mmoja. Kiharusi. Mkono wa kulia ukashikwa ganzi, mguu wa kulia pia, na ulimi ukabaki na neno moja tu: haya. Akiwa na njaa, haya. Akikasirika, haya. Akitaka kugeuzwa, haya, lakini kwa kuvuta.

Mkewe hakulia. Watu wakamsifu, mama jasiri yule, umemwona, hata chozi! Jasiri wapi! Jasiri ni mtu anayeogopa akajikaza. Yeye hakuwa na cha kujikazia. Alitafuta ndani yake siku ya kwanza, siku ya tatu, mwezi wa pili, akakuta ni kama nyumba iliyohamwa, hata misumari ya kutundikia nguo wameng'oa. Aliamka, akamgeuza mume, akamlisha, akaenda kazini, akarudi. Chakula alikula kwa sababu kilikuwa kwenye sahani. Siku moja aliegemeza mkono kwenye roli la moto, na mwenzake ndiye aliyesikia harufu.

"Wewe! Unaungua!"

Akautazama mkono kama wa mtu mwingine. "Kumbe," akasema, akautoa.

Alfajiri moja, miezi miwili baada ya Breki kutoka hospitali, hodi ikapigwa. Aliyefungua ni wifi yake, dada mkubwa wa Breki, aliyehamia pale kusaidia kuuguza na kutoa maoni.

"Nyie mnataka nini saa hizi?"

"Tumekuja kumchukua shemeji," alisema Bucha.

"Mnampeleka wapi?"

"Mbio."

"Mbio! Na mgonjwa atageuzwa na nani?"

"Si wewe upo, dada? Au una mtu unakwenda kuonana naye?"

Wifi akacheka bila kutaka, na mtu aliyekwisha kucheka hawezi tena kufunga mlango. Wakaingia. Mwalimu akaeleza taratibu, kama yuko mbele ya ubao. Kila mwaka Tusiachane hushiriki zile mbio kubwa za mjini, namba ya kundi sitini na nne, herufi A mpaka D. Wamemaliza miaka tisa, wote wanne, bila pengo. Kundi likifikisha miaka kumi linapewa namba yake moja kwa moja; hakuna kundi jingine litakaloivaa tena, na inaandikwa kwenye kibao cha shaba wanachokabidhiwa. Akikosekana mmoja, hesabu inarudi sifuri. Ila fomu inaruhusu mume au mke kushika nafasi ya mgonjwa.

"Mke," akasema Mwalimu, akavua miwani akaifuta. "Yaani wewe, shemeji."

Nesi aliweka viatu sakafuni. "Namba thelathini na tisa. Nilikuangalia mguu juzi ulipokuja kuchukua dawa."

Alitaka kukataa. Lakini kukataa kunataka maneno, na maneno yanataka pumzi, na asubuhi ile hakuwa na vyote viwili. Akakaa akavaa viatu. Breki kitandani akavitazama muda mrefu.

"Haya," akasema. Kama alikuwa anaruhusu au anakataza, mpaka leo hakuna ajuaye.

Siku ile alikimbia kutoka nyumbani mpaka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatapika kwenye mfereji. Bucha akamshika mabega.

"Hongera, shemeji. Mimi siku ya kwanza sikufika hata hapo. Nilitapika kwenye geti langu."

Wakampa jina: Tela, maana alikuwa nyuma na alikuwa anavutwa. Hakuchukia. Jina lilikuwa kama viatu, alipewa akavaa.

Sasa nieleze desturi yao moja, kwa sababu bila hiyo hutaelewa walichojifanyia baadaye. Kwa Tusiachane hapakuwa na cha kumwacha mtu. Mkimbiaji wa mbele akifika nguzo waliyopanga, hasimami kupumzika. Anageuka, anarudi mbio mpaka ampite wa mwisho, anamzunguka nyuma, ndipo anaanza tena kwenda mbele pamoja naye. Kwa hiyo wa mbele ndiye aliyekimbia zaidi, na wa mwisho hakai peke yake hata dakika tano. Breki ndiye aliyeiweka sheria hiyo, kwa sababu kikundi chake cha kwanza kabisa kilimwacha barabarani akafukuzwa na mbwa wawili hadi juu ya paa la kibanda. Miaka tisa ya kugeuka, miguu ikazoea. Mtu akipiga mluzi nyuma yao hata sokoni, wanageuka wote watatu.

Basi Tela akarudiwa. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, asubuhi kabla ya kazi, alirudiwa kama mzigo uliosahaulika. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kumtia moyo. Bucha alitia moyo kwa matusi.

"Tela! Nimeona ng'ombe aliyechunwa anatembea haraka kuliko wewe!"

Nesi alimjia pembeni, hamtazami. "Vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Hutakufa. Nimeona wanaokufa, hawafanani na wewe."

Mwalimu alileta hesabu. "Imebaki theluthi moja, shemeji. Ukigawa kwa nguzo za umeme ni nguzo ishirini na nne. Hesabu nguzo, usihesabu kilomita. Nguzo ni ndogo."

Alihesabu nguzo. Hakuona raha, hakuona karaha. Aliendelea kwenda kwa sababu moja ambayo hakumwambia mtu: barabarani hakuna aliyemuuliza unajisikiaje. Nyumbani wifi aliuliza, kazini mama mnene aliuliza, majirani waliuliza huku wameinamisha shingo upande kama kuku anayetazama punje. Hawa watatu walimuuliza kiatu kinabana wapi. Hilo aliweza kulijibu.

"Na wewe unazitaka hizo mbio kweli?" mama mnene alimuuliza siku moja wakikunja shuka.

"Wanazitaka wao."

"Nimekuuliza wewe."

"Wodi wakitaka mashuka mia, si tunapeleka mia? Wanataka wanne. Nitapeleka wa nne."

"Mh! Mungu akupe nafuu, mwenzangu," alisema mama mnene, wakakutana katikati, wakaachana.

Lakini kwa wale watatu jambo lilikuwa zito, na Tela alilijua vizuri hata kama halikumgusa. Bucha alikuwa ameshagonga msumari dukani, kati ya mizani na karatasi ya bei, pa kutundika kibao. Akimkatia mteja nyama humwonyesha kwa ncha ya kisu: pale, mama, mwezi wa kumi, utaona. Mwalimu aliwatungia wanafunzi maswali: kundi la watu wanne limekimbia miaka tisa. Nesi aliacha sukari.

Siku ya mbio waliondoka saa kumi na mbili na nusu, watu maelfu, baridi ya asubuhi, kila mmoja anarukaruka mahali pake kama maharage yanayochemka. Mlango wa mwisho ungefungwa zikitimia saa tatu kamili tangu kuondoka. Nyuma ya wakimbiaji wote lingekuja gari la kufagia njia, basi dogo jeupe linalokwenda mwendo wa mtu wa mwisho anayeruhusiwa. Likikupita, umekwisha, panda.

Walikuwa wamejigawia kazi zote. Bucha maji, Mwalimu saa, Nesi dawa ya misuli. Hakuna aliyekumbuka kazi ambayo Breki alikuwa akiifanya bila kuitangaza. Miaka yote tisa yeye ndiye alikaa mbele yao siku ya mbio, na ndiye aliyekimbia taratibu, kwa mwendo wa mchovu wao, akiwashika wengine wasichomoke. Wao walidhani ndiyo kasi yao. Asubuhi ile mbele hapakuwa na mtu wa kuwashika. Bunduki ikalia, umati ukawasukuma, damu ikawapanda, wakatoka nduki wote watatu. Tela aliona neno Tusiachane likienda, likienda, herufi zinakuwa ndogo, hadi likamezwa na migongo ya watu.

Hakuita. Aliwaza tu kwamba wamesahau, kama mtu anavyowaza mvua imeanza.

Kilomita ya tano alikunywa maji. Kilomita ya tisa akapitwa na babu aliyevaa viatu vya ngozi. Kilomita ya kumi na mbili barabara ilipanda, na wale waliokuwa nyuma yake wakawa wachache, wakawa wawili, wakawa hakuna. Alihesabu nguzo. Miguu ilikuwa inakwenda huko chini, yenyewe kwa yenyewe. Kilomita ya kumi na tano akasikia injini ikiguruma nyuma yake taratibu, kama paka.

Basi dogo likamfikia ubavuni. Dereva akatoa kiwiko dirishani.

"Mama, ingia. Ndani kuna viti na soda."

Akasimama. Hakuwa amechoka sana, wala hakuwa na uchungu wowote. Ilikuwa tu kwamba mtu kamwambia ingia. Ndani aliona wanne wamekaa, wamefunikwa mataulo, wanatazama nje. Akashika nondo ya mlango, akapandisha mguu mmoja kwenye ngazi. Alijua fika anafanya nini. Alijua akiweka na wa pili, miaka tisa inakwenda na maji. Alimwona Bucha na msumari wake, akamwona Mwalimu, akamwona Nesi, wote kwa uwazi kabisa, kama picha ukutani kwa mtu usiyemjua.

"Mama, unapanda au hupandi? Mlango unaingiza vumbi."

Hapo ndipo aliposikia filimbi.

Aliinua macho. Kutoka mbele, juu ya barabara, kulikuwa na kitu kinakuja upande usio wake. Tumbo lilitangulia. Alikuwa Bucha, anakimbia kurudi walikotoka, jasho linamwagika, mikono inapeperuka. Nyuma yake Nesi. Nyuma ya Nesi Mwalimu, kashika miwani. Na nyuma ya Mwalimu msimamizi wa njia kwenye baiskeli, koti la kung'aa, filimbi mdomoni, anapuliza mpaka mishipa ya shingo imesimama.

Walikuwa wamefika kilomita ya kumi na sita na nusu, Nesi akatazama nyuma, akasema, "Tela yuko wapi?" Na wala hawakujadiliana. Waligeuka, kama kila Jumanne.

"Tela!" Bucha alipiga kelele kwa mbali. "Toa huo mguu kwenye gari nisije nikaukata!"

Wakafika, wakamzunguka nyuma yake, mmoja mmoja, kwa utaratibu ule ule wa mazoezi, ndipo wakasimama wakihema. Msimamizi akatupa baiskeli chini.

"Nyie watu mna kichaa? Nimepiga filimbi kilomita nzima!"

"Tumemfuata mwenzetu," alisema Bucha.

"Hata mngemfuata mama yenu mzazi! Kanuni ya saba: anayekimbia kinyume cha njia amefutwa." Alishatoa kalamu. "Sitini na nne A. Sitini na nne B. Sitini na nne C. Nimemaliza. Vueni namba."

Walivua. Ndipo ilipowaingia. Nesi alifunika mdomo kwa kiganja. Mwalimu alitazama saa yake kama vile kosa liko humo. Bucha alikaa kwenye ukingo wa barabara, akanyoosha miguu.

"Msumari nimeshagonga," akasema. Hakumwambia mtu yeyote.

Tela bado alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya gari. "Basi na mimi napanda," alisema. "Hakuna kazi tena."

"Hupandi," alisema Nesi.

"Miaka kumi imeshaharibika, wifi." Alimwita hivyo kwa vile Nesi na Breki walikuwa kama ndugu.

"Najua. Hupandi. Wewe hujafutwa."

Mwalimu alikohoa. "Zimepita saa mbili na dakika kumi na mbili. Zimebaki kilomita sita na dakika arobaini na nane. Nane kwa kila moja. Hiyo inagawanyika vizuri mno, shemeji, itakuwa dhambi kuiacha."

"Ili iweje?"

Bucha alijiinua kutoka chini, akajipangusa makalio, akaja nyuma yake akamwekea kiganja mgongoni, kiganja kile cha kubebea mapaja ya ng'ombe, akasukuma.

"Iweje, iweje! Nenda huko! Jikaze kisabuni, dobi mzima!"

Akaenda. Ilikuwa rahisi kuliko kubishana.

Kilomita sita zile walikimbia naye pembeni, nje ya mstari, vifuani hamna namba. Bucha alimtukana yeye, ukoo wake, na chumba cha kufulia. Alisema mashuka yenyewe yangeshafika. Kila mlima ulipotokea kiganja kilirudi mgongoni. Nesi alimmwagia maji shingoni, akamshika kiwiko kwenye kona. Mwalimu alitaja dakika: "Sekunde tano mbele. Sekunde kumi nyuma. Rudisha kumi, shemeji, rudisha." Watu waliosimama kando ya njia walidhani ni mtu maarufu, mwenye walinzi, wakampigia makofi.

Mita mia mbili za mwisho kulikuwa na kamba, na wasio na namba hawakuruhusiwa kuvuka. Kiganja kikatoka mgongoni. Aliingia peke yake. Saa kubwa ilionyesha mbili, dakika hamsini na tisa, sekunde ishirini. Msichana mmoja akamvika medali, akampa ndizi na chupa ya maji. Kwenye kipaza sauti mtu akasoma namba yake, akaikosea, akairudia.

Aligeuka. Walikuwa upande wa pili wa kamba, wamebanwa na umati, wanaruka juu kama wendawazimu. Bucha analia waziwazi, kamasi na yote. Tela alisimama na ndizi mkononi. Alisubiri kidogo, kama mtu aliyefungua bomba akasikia mlio tu na anangoja maji yafike. Hayakufika. Akamenya ndizi, akala.

Nyumbani alimwogesha Breki kama kawaida, kuanzia upande usiosikia. Wifi alisimama mlangoni.

"Enhe? Mmepata hicho kibao?"

"Hapana. Wamefutwa wote watatu. Mimi nimemaliza."

"Wamefutwa? Wamefanyaje?"

"Walinirudia."

"Katikati ya mashindano?" Wifi alishika kiuno. "Watu wazima! Mwalimu mzima!"

Breki alikuwa anasikiliza. Alimtazama mkewe muda mrefu, na jicho la kushoto likatoa maji. Lakini jicho lile lilikuwa likitoa maji tangu augue, hata kwa taarifa ya habari, kwa hiyo huwezi kujua.

"Haya," akasema.

Akamfuta, akamgeuza. Medali alimwekea mkono wa kushoto, ule mzima, awe na kitu cha kushika.

Jumatatu matokeo yalibandikwa kwenye ofisi ya waandaaji, ghorofa ya tatu ya jengo lenye lifti iliyoharibika. Zamu yake ilianza saa nane mchana, akapita kabla. Hakujua anakwenda kutafuta nini. Labda kuhakikisha tu, kama anavyohesabu mashuka mara ya pili. Alipanda ngazi akivuta mapaja kwa mikono. Karatasi ilikuwa ukutani. Akafuata kidole hadi sitini na nne.

A, imefutwa. B, imefutwa. C, imefutwa. D, jina lake, muda wake, na sahihi ya mtu.

Alitazama. Jina lake lilikuwa limekaa pale peke yake kama jino moja kwenye ufizi. Alitazama mpaka mtu wa nyuma yake akaguna; Tela akasogea, akarudi akatazama tena. Halafu akaenda kwenye meza. Karani alikuwa binti mdogo, anatafuna ubani, anapiga muhuri bahasha.

"Binti, nimekuja nifutwe."

"Ufutwe nini, mama?"

"Jina. Sitini na nne D. Wenzangu wamefutwa, nifuteni na mimi."

Ubani ukasimama. "Mama, tangu asubuhi wamekuja watu ishirini kuomba waingizwe. Kutolewa, hajaja mtu."

"Basi mimi wa kwanza."

"Umegombana nao?"

"Bado."

"Kuna mtu anakulazimisha?"

"Unaniona kama mtu wa kulazimishwa?"

Binti alimtazama vizuri. "Hapana. Lakini hakuna fomu ya kitu hicho, mama. Umemaliza kihalali. Siwezi kukufuta kwa sababu umetaka."

"Kanuni mnazo?"

"Zipo."

"Soma ya saba."

Akasoma. Kinyume cha njia.

"Endelea."

"Ya nane, takataka. Ya tisa: mshiriki atakayesukumwa, kuvutwa au kubebwa na mtu asiye mshiriki..."

"Hapo hapo. Nilisukumwa."

"Na nani?"

"Na muuza nyama. Toka kilomita ya kumi na tano, kila mlima. Nesi alinishika kiwiko kwenye kona. Wote walikuwa wameshavuliwa namba. Andika."

"Mama, nikiandika hairudi."

"Andika, nimesema!" Sauti ilitoka kubwa, ikagonga makabati, watu kwenye ubao wakageuka. Yeye mwenyewe alishtuka. Miezi minane hakuwa amesikia sauti yake ikipita kiwango cha kuomba chumvi. Akaishusha. "Tulianza wanne, binti yangu. Mimi hapo juu nafanya nini peke yangu?"

Binti akachukua rula. Alikwenda ukutani, akapiga mstari, akaandika neno, akatia muhuri.

"Nione."

Akasogea akaona. Mistari minne, mmoja chini ya mwingine, imenyooka.

"Sasa wamekaa vizuri."

"Inabidi urudishe medali."

"Iko kwa mgonjwa wangu. Anaishika mchana kutwa, hataki hata kuiachia aoge. Twende wote ukamnyang'anye?"

"Basi mama," alisema binti, akarudi kwenye bahasha zake. "Kaeni nayo."

Kwenye ngazi, mapaja yalikataa. Kupanda yalikubali, kushuka hapana, kila hatua ilikuwa kama kisu. Akageuka, akashika nondo, akaanza kushuka kinyumenyume, uso unatazama juu alikotoka. Hivyo yalivumilika. Ghorofa ya pili akasikia mtu anapanda kwa kuguna, harufu ya nyama mbichi imemtangulia.

"Shemeji!" Alikuwa Bucha, bado na aproni. "Unafanya nini huku?"

"Na wewe?"

"Nimekuja kuwapa maneno yao! Wamfute mtu mwema hivi hivi? Nimeyapanga njia nzima."

"Usijisumbue. Nimeshawaona."

"Wamesemaje?"

"Nimejifuta."

Bucha alisimama na mguu mmoja hewani. "Umefanya nini?"

"Nimejifuta. Kanuni ya tisa. Ulinisukuma."

"Tela, una wazimu? Uliyekuwa umebaki ni wewe peke yako!"

"Ndiyo."

Bucha akakaa kwenye ngazi, akifuta uso kwa aproni, damu ya ng'ombe ikambaki kwenye paji. Tela akasimama ngazi moja juu yake, anashikilia nondo, anangoja amalize.

"Kwa hiyo tuna sifuri," alisema Bucha mwishowe.

"Sifuri."

"Wote wanne."

"Wote wanne. Inuka, shemeji, unaziba njia, na mimi saa nane niko zamu."

Aliinuka akitaja majina ya babu zake. Akajaribu kushuka, akapiga ukelele kama kagongwa kisigino.

"Geuka," alisema Tela. "Shuka kinyumenyume. Hayaumi sana."

"Watu watatuona."

"Wakuone mara ngapi? Una damu usoni."

Akageuka. Wakashuka hivyo bega kwa bega, ngazi moja baada ya nyingine, mkono kwenye nondo, mtu mwenye mafaili akajibana ukutani kuwapisha. Chini ya ghorofa ya kwanza Bucha aliteleza kidogo, na Tela akaweka kiganja mgongoni mwake, akakiacha hapo mpaka chini.